Dawa Haishukuriwi

Jina la mti silitaji. Ninalijua, na kila mtu hapa Mkongo analijua, lakini nikilitaja leo, kesho mtakuja na mapanga na viroba, na keshokutwa mti hautakuwapo. Tumeshaona mti mwingine, ule wa barabarani, ukichunwa gome mpaka ukafa umesimama, eti mtu alisikia kwamba unatibu kisukari. Kwa hiyo tuuite mti wa Bi Mwamvua, inatosha. Upo nyuma ya nyumba yake, upande wa kushukia bondeni, na gome lake ni chungu hata mbuzi akilitafuna mara moja harudi tena.

Mwamvua binti Mwinyimvua ni Mmatumbi wa milimani, na mimi, Mtoro, ni Mndengereko wa mtoni. Ni mtani wangu, basi naweza kumsema nitakavyo na hakuna wa kunishitaki. Aliletwa hapa na rafiki yangu Saidy, ambaye alikwenda huko milimani kutafuta dawa ya tumbo, akarudi na dawa na mke. Mimi ni fundi wa kuezeka, na nyumba waliyoingia niliiezeka mimi. Siku ile nilimwambia Saidy kwa sauti, makusudi bibi harusi asikie, "Umeacha wanawake wote wa bonde hili ukaenda kuchukua mla mizizi ya ming'oko?" Sauti ikatoka ndani, "Bora ming'oko kuliko perege wenu wanaonuka tope!" Saidy alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo sisi ni kutaniana tu, harusini na msibani.

Katika vyombo alivyokuja navyo, kimoja kilikuwa kifuu cha nazi chenye mche ndani. Baba yake alikuwa mganga wa tumbo. Si mganga wa ramli wala wa mashetani, nasema mapema, maana watu wa mjini mkisikia neno mganga mnaanza kutafuta pembe na hirizi. Mzee yule alijua mti mmoja na ugonjwa mmoja, vidonda vya tumbo, na binti yake akarithi hayo mawili. Mche ukapandwa, ukashika, ukawa mti, na watu wakaanza kuja.

Kazi yake ilikwenda hivi. Mgonjwa anafika asubuhi hajatia kitu mdomoni. Bi Mwamvua anachuna kipande cha gome kama kiganja, kisha anapaka udongo mbichi pale alipochuna, kwa sababu anasema mti nao una tumbo lake. Anachemsha, anachuja kwa kitambaa cheupe. Kabla hajampa mgonjwa anakunywa funda moja yeye mwenyewe, uso umemkunjamana, ili mtu aone kwamba hakuna kilichofichwa. Halafu mgonjwa anapokea dumu lake, anainuka, anakwenda zake. Haagi. Hageuki nyuma. Na kubwa kuliko yote, hasemi asante.

Dawa ya miti haishukuriwi. Hilo sisi tumezaliwa tukalikuta. Ukimshukuru aliyekupa, ugonjwa unasikia, unageuka njiani na kurudi ulikotoka. Hata ukipona kabisa huendi kumwambia mtu "nimepona", kwa sababu hiyo nayo ni asante, tofauti yake imevaa kanzu. Mkikutana sokoni mnaulizana habari za mpunga na habari za watoto, basi. Na wala humsemei mwenzako, maana kusema fulani kapona ni kumpigia hodi ugonjwa wake mlangoni. Msinicheke. Kila watu wana lao wanaloliogopa bila kuuliza sababu.

Sasa mtazameni huyu mwanamke. Aliyepona harudi kwake. Asiyepona naye harudi, ama kaenda kwa mganga mwingine, ama hospitali, ama kaburini. Ametoa dawa tangu ujana wake mpaka meno yakaanza kumtoka, na hajawahi kujua hata siku moja kama ile dawa inafanya kazi.

Zamani hilo halikumsumbua sana kwa sababu alikuwa na Saidy. Saidy ndiye mgonjwa pekee aliyelala naye nyumba moja, na Saidy alikuwa anakula, anacheka, analima. Akimwona mumewe anamaliza sahani ya wali, moyo wake unatulia. Nami nikipita namwambia, "Mtani, huyo ndiye ubao wako wa matangazo, mlishe vizuri."

Kisha Saidy akafa, na akafa kwa tumbo.

Ilikuwa Ramadhani iliyoangukia wakati wa mavuno. Alfajiri moja alitapika damu, nyingi, nyeusi. Tulimpakia kwenye bodaboda, dereva mbele, Saidy kati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Hatukufika hospitali Ikwiriri. Nilihisi uzito wake ukibadilika mikononi mwangu, nami nikamwacha dereva aendelee kukimbiza, kwa kuwa sikuwa na ulimi wa kumwambia. Rafiki yangu alikuwa mtu mwepesi, mwenye maneno matamu, na mpaka leo nikipanda pikipiki sipendi kukaa nyuma.

Bi Mwamvua hakulia msibani. Alikaa eda yake ndani, kimya, hata utani wangu wa mlangoni hakuujibu. Siku aliyotoka eda, jambo la kwanza alilofanya ni kuchukua shoka na kwenda nyuma ya nyumba. Nilikuwa juu ya paa la jirani nikamwona. Nilishuka vile mtu anavyoshuka akiona moto.

"Weye Mmatumbi, wafanya nini?"

"Mti huu ndio ulioniulia mume wangu," akasema. Hakunitazama. "Miye nilimnywesha. Miye nilimwambia subiri, utapoa. Na hao wengine wote waliokuja hapa na madumu yao, nani ajuaye wako wapi? Pengine nimejaza makaburi tangu Mohoro mpaka Kibiti, na watu wanitazama tu."

Nikatafuta hila. "Niazime hilo shoka kwanza," nikamwambia. "Nna boriti ya kukata. Nikimaliza nakuletea, ukate hata nyumba."

Mtani hamnyimi mtani. Akanipa, nami nikakaa nalo. Kila alipoliulizia nilikuwa na sababu: mpini umevunjika, shemeji kalichukua, limefunikwa na makuti silioni. Alijua kwamba nadanganya, na nilijua kwamba anajua. Lakini aliacha kutoa dawa. Mtu akija na dumu anarudishwa na dumu lake tupu. Mjukuu wake Warda, msichana mkubwa aliyemaliza shule na aliyekuwa amekuja kukaa naye, alikuwa akimbembeleza, "Bibi, nifundishe basi, usife nayo." Jibu lilikuwa moja. "Nikufundishe nini, mwanangu? Kuua? Nikijua ni dawa, nitakuachia mti. Nikijua si dawa, nitaukata kwa mkono wangu. Na kwa kuwa sijui, niache."

Katika huzuni hiyo kitu kimoja kilimfariji, nacho ni huruma za watu. Alikuwa akisema kila mara, "Watu wa huku wana huruma kwa mjane, jamani." Na kweli. Shamba lake la mpunga bondeni lilikuwa likipaliliwa kabla hajashika jembe, akifika asubuhi anakuta magugu yamelala kandokando na hakuna mtu. Msimu wa kuamia ndege wasile mpunga, anakuta dungu lake la kukalia juu limeshasimamishwa, ngazi na yote. Samaki wakavu walifika mlangoni wamefungwa kwa kamba ya mwaa, hajui wametoka wapi. Mwaka ule wa mafuriko, maji yalipopanda usingizini mwetu na kila mtu akawa anahangaika na wa kwake, mtumbwi wa kwanza kuja upande huu ulipita nyumba zetu zote ukaenda moja kwa moja mlangoni pake. Na mimi nilikuwa namwezekea nyumba kila inapokaribia masika. Ujirani tu, msinifikirie vingine.

Hali ilikuwa hivyo alipokuja Daktari Rukaiya.

Alikuwa mwanamke kijana, mzaliwa wa Mohoro, aliyesomea mambo ya dawa Dar es Salaam na sasa anapima miti ya huku kwetu kuona ipi inatibu kweli na ipi inasingiziwa. Alimwamkia Bi Mwamvua kwa kupiga goti, akakaa mkekani, akakubali uji. Nikampenda hapo hapo. Wengine wakija na gari wanauliza kiti.

"Bibi," akasema baada ya salamu, "nimesikia habari za dawa yako ya vidonda vya tumbo. Nataka kuipima. Kwanza niambie, waliopona ni wangapi?"

"Sijui, mwanangu."

"Kwa kukisia tu."

"Hata kwa kukisia. Simjui hata mmoja. Nimjuaye ni mmoja aliyekufa, na huyo ni mume wangu."

Daktari akaweka bakuli la uji chini. "Bibi, nimezunguka kwa waganga wengi. Kila niliyemuuliza aliniambia wote."

"Pengine wao waambiwa," Bi Mwamvua akajibu. Kisha akamsogelea, akamshika mkono. "Gome nitakupa, na dawa nitakuchemshia mbele yako. Sitaki kitu. Nataka jibu, na uniletee mwenyewe kwa mdomo wako. Ikiwa ni uongo, niambie ni uongo. Nna shoka langu kwa huyu hapa."

Mimi nikakohoa.

Daktari aliondoka na gome, akakaa huko mpaka tukadhani ametusahau. Aliporudi alieleza kwamba wameanzia kwa panya weupe. Walipewa kitu cha kuwatia vidonda tumboni, halafu nusu wakanyweshwa dawa na nusu wakanyweshwa maji, ndipo wakatazamwa. Bi Mwamvua akashika shavu. "Masikini panya! Mwamuumiza ili mumponye?" Daktari akasema ndiyo, bibi, ndivyo tunavyofanya, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelifurahia. Panya waliokunywa dawa vidonda vyao vilikuwa vidogo kuliko vya wenzao. "Lakini panya si mtu," akaongeza. "Siwezi kukupa jibu kwa tumbo la panya. Nataka kuwaona watu waliokunywa dawa kwako zamani, niwaulize."

Bi Mwamvua akataja majina aliyoyakumbuka. Mimi nikapandishwa gari kuonyesha njia, maana nusu ya nyumba za pande hizi nimezipanda juu.

Lo! Siku hizo ndipo nilipojua kwamba watu wa Rufiji hatuna matumbo. Kila tulikofika tulikaribishwa, tukaletewa madafu, na swali likiulizwa tu, uso unafungwa. Tumbo? Kamwe. Dawa? Dawa ipi? Bi Mwamvua? Tunamsikia. Pale Dimani, bibi mmoja aitwaye Mwajabu, ambaye mimi kwa macho yangu nilimwona akiondoka na dumu kichwani amejikunja kwa maumivu, aliapa kwamba tangu azaliwe hajaumwa kitu isipokuwa jino. Nami nilikaa pembeni nikitazama ndala zangu. Ningesema nini? Kumsemea ni kumrudishia.

Tukiwa njiani kwenda Mohoro daktari alisimamisha gari. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. "Mzee Mtoro, hawa watu wananidanganya, au bibi ndiye anayenidanganya?"

"Hakuna anayekudanganya, mwanangu."

"Itakuwaje?"

"Ndivyo ilivyo." Daktari akatia gea kwa hasira mpaka gari likalia.

Mohoro tulimkuta Huseni, muuza samaki, mtu wa miraba minne, amekaa barazani na mkewe Zamda. Swali likaulizwa. Huseni akajipiga tumbo kama ngoma. "Hili? Hili miye natia hata misumari." Na ili asadikike akamwita mkewe alete embe bichi na pilipili kichaa, akaitafuna ile pilipili mbele yetu, nzima, jasho linamtiririka, anatabasamu. Daktari akashukuru kwa muda wake, akainuka. Tulipokuwa tunaingia garini Huseni akaja mbio na furushi la samaki wakavu, limefungwa kwa kamba ya mwaa.

"Mpelekeeni yule bibi wa Mkongo," akasema. "Wamebaki tu, wataharibika."

Daktari akalipokea, akaligeuza mkononi. "Mjomba, si umesema humjui?"

"Simjui."

"Na unampelekea samaki?"

"Nawapa wajane." Huseni alikuwa anatazama mtoni.

"Mohoro hapa hakuna wajane?"

Zamda akajiziba mdomo kwa kanga, lakini kicheko kilimponyoka, akakimbilia ndani. Huseni akawa amesimama pale na midomo imemvimba kwa pilipili, mtu mzima, hajui aweke wapi mikono. Daktari hakumuuliza tena. Alirudi kwenye usukani akakaa, furushi mapajani. Mara akaanza kucheka, na machozi yakamtoka humohumo.

"Bibi yangu aliwahi kunizaba kibao," akasema. "Nyumba ile pale, ya tatu. Nilikuwa mtoto, nina homa, jirani akaniletea dawa ya mizizi, nikasema asante kama tulivyofundishwa shule. Kibao! Nikalia siku nzima, sikuelewa kosa langu. Mzee Mtoro, nimesoma miaka yote hii nikakisahau kibao cha bibi yangu."

Nikamwambia, "Mimi sikusema kitu."

"Hukusema," akakubali. "Twende."

Tukarudi nyumba zile zile. Safari hii hakuuliza habari za tumbo. Aliuliza, "Yule mjane wa Mkongo, nyie mnamsaidiaje?" Lo, ndimi zikafunguka! Huyu anapalilia, yule anachonga ngazi ya dungu, mwingine kila mavuno anashusha gunia la mpunga usiku na kukimbia. Mwajabu wa Dimani alisema, huku anapepeta mchele bila kututazama, kwamba ule mtumbwi wa mafuriko ulikuwa wa mwanawe, na ni yeye aliyemwambia, "Kabla hujaja kunichukua miye mama yako, nenda kamchukue yule." Hapo nilijifanya nimeingiwa na vumbi la pumba machoni.

Baadaye daktari akawaomba jambo moja. Wengi wao waliwahi kupimwa hospitali zamani, wakaambiwa wana vidonda, kabla ya kwenda kwa Bi Mwamvua. Aliwataka warudi kupimwa tena kwa ule mpira wenye kamera unaomezwa mpaka tumboni. "Sitaki mtu aseme neno," akawaambia. "Mtu ameze tu, tumbo lenyewe litazamwe. Mpira hauna ulimi, haumshukuru mtu." Walikwenda, wengine wakitetemeka, Huseni akilalamika kwamba mpira ni mnene kuliko samaki mkunga. Na mdomo hakufungua mtu isipokuwa kuumeza.

Siku ya kuleta jibu Bi Mwamvua alifagia uwanja alfajiri, akavaa kanga zake mpya za doti, akakaa mkekani na Warda ubavuni. Mimi nilikuwa juu ya paa lake, natengeneza makuti, kwa sababu nilitaka kuwapo na sikutaka kuonekana nimekuja. Nilisikia yote.

"Bibi," daktari akasema, "nitakuambia kama ulivyotaka. Wapo waliokuwa na vidonda, na sasa pamebaki makovu tu. Wapo ambao vidonda vyao bado vipo, nao tumewaanzishia vidonge. Na wapo waliokunywa uchungu wako bure, hawakuwa na kidonda tangu awali, ni kiungulia."

"Kwa hiyo ni kweli au ni uongo?"

"Ina ukweli, bibi. Ukubwa wa ukweli wenyewe bado siujui. Wengine huenda walimeza na vidonge vya hospitali wasiseme, ikawa vidonge ndivyo vilivyowaponya. Nitaendelea kupima, na itachukua muda. Lakini si uongo."

Bi Mwamvua akainamisha kichwa. Kisha akauliza lile aliloliuliza moyoni tangu atoke eda. "Na Saidy?"

"Nieleze siku zake za mwisho. Alikuwa akimeza kitu kingine?"

"Hakuna. Dawa yangu tu." Akafikiri. "Na vidonge vya mgongo. Vya dukani. Yalikuwa mavuno, mgongo ulimkataa."

"Alivimeza kila siku?"

"Kila siku. Na kula hali, yuasema daku linamchefua, ameza kwa maji tu alale."

Daktari akashusha pumzi. "Vidonge vile, bibi, mtu mwenye vidonda akivizoea vinamchimba tumbo. Mara nyingi kabla ya kutapika damu choo kinakuwa cheusi kama lami. Hakukuambia?"

"Hakuniambia. Alikuwa hapendi nisikitike."

"Basi sikiliza. Dawa yako haikumuua mumeo." Akamshika mikono yote miwili. "Wala isingemwokoa. Mtu akishaanza kuvuja damu tumboni hakuna gome la kumzuia, ni hospitali, na ni mbio."

Ndipo Bi Mwamvua alipolia. Alilia kwa sauti, kile kilio tulichokingoja msibani kikakataa kuja, akimwita Saidy kwa jina lake la utotoni ambalo mimi nilidhani nalijua peke yangu. Nilishika pao la paa kwa mikono miwili, nikalia nami huko juu. Nilikuwa nimembeba mtu yule mpaka mwisho, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba halikuwa kosa letu.

"Ningemuuliza tu rangi ya choo," akasema alipotulia.

"Hukujua, bibi."

"Sasa najua."

Warda akaenda kuchota maji ya kunawa uso. Daktari akangoja, kisha akauliza kwa upole kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Bibi, mpunga wako nani anaupalilia?"

"Watu tu. Waniona mjane."

"Na samaki?"

"Huruma zao."

"Na ule mtumbwi wa mafuriko?"

Bi Mwamvua akageuka. Akatazama bonde, mpunga umesimama kijani, hakuna jani la gugu. Akatazama furushi la samaki lililoning'inia jikoni. Halafu akainua macho juu ya paa, akanikuta, nami nikageukia makuti yangu upesi.

"Si huruma?" akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Siwezi kukuambia, bibi," daktari akajibu. "Nikikuambia wataugua."

Kesho yake Warda alikuja kwangu. "Babu, bibi anataka shoka lake. Anasema leo hataki sababu."

Nililitoa chini ya kitanda nilikolificha, nikalibeba. Nilifikiri, huyu mwanamke ameambiwa ina ukweli, lakini kwa mtu kama yeye nusu ya ukweli huenda haitoshi. Nilimkuta uwanjani. Akalipokea, akapitisha kidole kwenye makali. "Umeliacha likapata kutu, Mndengereko mvivu weye!" Akazunguka nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Alifika kwenye mti, akasimama, akaweka kiganja juu ya gome pale penye makovu ya zamani aliyoyapaka udongo. Akaupita. Akaenda kwenye gogo la mkorosho lililoangushwa na mafuriko, akatema mate viganjani, akaanza kupasua kuni.

"Kuni zimeniishia," akasema. "Warda aanza leo. Hawezi kujifunza bila moto."

Nilikaa chini hapo hapo. Na somo la kwanza nililisikia mwenyewe. Halikuwa la gome. "Mtu akija," akamwambia mjukuu wake, "kabla hujagusa mti, muulize choo chake rangi gani. Atakuona huna adabu, muulize hivyo hivyo. Akisema cheusi, usimpe dumu. Mwitie bodaboda aende hospitali, na uende naye. Na muulize kama ameza vidonge vya mgongo. Ukishindwa kuuliza kwa haya, basi na dawa huiwezi." Warda akarudia maneno yote bila kukosea, naye bibi akamtaka arudie tena.

Alipomaliza alikuja akakaa karibu yangu kwenye gogo, amechoka, uso wake umepumzika kama ulivyokuwa Saidy alipokuwa hai. Tukatazama moshi unavyotoka jikoni.

"Mtani," akaniambia, "kila masika waniezekea nyumba. Tangu Saidy hajafa. Na hukuwahi kutaka hata chai. Weye ulikuja kwangu zamani na dumu, siku moja tu, miye nimekumbuka usiku huu. Tumbo lako lilikuwaje?"

"Langu?" nikasema. "Mimi sijawahi kuumwa tumbo."

Alinitazama. Nikamtazama. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha siku ya harusi kilichotoka ndani ya nyumba mpya, akacheka mpaka Warda akatoka jikoni kuona kuna nini.

"Haya," akasema, anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Masika haya usisahau upande wa jikoni. Pavuja."

Nikainuka, nikajipangusa suruali, nikaondoka. Sikuaga, wala sikugeuka nyuma.